Uasilia Si Ushahidi: Mimea, Utumbo Mpana na Saratani

Katika mjadala wa tiba unaoendelea Afrika Mashariki zipo kambi mbili zinazopingana bila kusikilizana. Ya kwanza inashikilia kwamba kilichotoka shambani au msituni hakiwezi kumdhuru mtu, na kwamba mizizi, magome na viungo vya jikoni vinatosha kuponya hata saratani. Ya pili inadharau kila kinachoitwa mitishamba na kukihesabu kuwa ushirikina, huku ikisahau kwamba dawa nyingi zinazotolewa hospitalini zilianzia kwenye mimea. Historia ya tiba ya magonjwa ya utumbo mpana inazikosoa kambi zote mbili, kwa kuwa inaonyesha kwa mifano iliyo wazi kwamba uasilia wa kitu si sifa wala si dosari, na kwamba kila mmea unaotajwa kuwa dawa unapaswa kuulizwa mambo manne: kemikali iliyomo inagusa nini mwilini, inamfaa nani, kwa kipimo gani, na kwa madhara gani.

Maswali haya si ya wataalamu wa maabara peke yao. Kwa mujibu wa takwimu za Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani za mwaka 2022, watu zaidi ya milioni 1.9 duniani waligundulika kuwa na saratani ya utumbo mpana na puru katika mwaka huo, na zaidi ya 900,000 walifariki kwa ugonjwa huo, hivyo kuufanya uwe wa tatu kwa idadi ya wagonjwa wapya wa saratani na wa pili kwa vifo. Viwango vya Afrika Mashariki bado viko chini ya vile vya Ulaya na Amerika Kaskazini, lakini wagonjwa wengi wa eneo hili hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa, na si wachache kati yao ambao kabla ya kufika huko wamekunywa dawa za miti kwa miezi kadhaa. Jamii ambayo watu wake huanza na mimea inawajibika kujua mimea hiyo inafanya nini.

Kutoka inflamesheni hadi saratani

Inflamesheni, ambayo baadhi ya madaktari huiita mcharuko, ni mwitikio wa kinga ya mwili dhidi ya jeraha au vijidudu: mishipa midogo ya damu hutanuka, seli nyeupe za damu hukusanyika mahali palipodhurika, na sehemu hiyo huvimba, hupata joto na kuuma. Mwitikio huo ni wa lazima kwa uhai, mradi uanze na uishe kwa wakati wake. Katika kolaitisi ya vidonda, inayoshambulia ukuta wa ndani wa utumbo mpana na puru, na katika ugonjwa wa Crohn, ulioelezwa mwaka 1932 na Burrill Crohn na wenzake wa hospitali ya Mount Sinai mjini New York na unaoweza kushika sehemu yoyote ya njia ya chakula, mwitikio huo hauishi. Mgonjwa huharisha, mara nyingi kwa damu, huumwa tumbo na kukonda. Ugonjwa hutulia kwa muda kisha hurudi, na kadiri miaka inavyopita utumbo mpana ukiwa katika hali hiyo, ndivyo hatari ya saratani inavyoongezeka.

Uhusiano huo ulishukiwa zamani. Mwaka 1863 daktari Mjerumani Rudolf Virchow, baada ya kuona seli nyeupe ndani ya uvimbe wa saratani, alitoa hoja kwamba saratani huota mahali penye inflamesheni sugu, lakini utaratibu wenyewe ulianza kueleweka zaidi ya karne moja baadaye. Mwaka 1986 maabara ya David Baltimore nchini Marekani ilitambua protini iitwayo NF-kappaB, ambayo huingia katika kiini cha seli na kuwasha jeni nyingi za kinga, na baadaye ikabainika kwamba protini hiyohiyo huzizuia seli zilizoharibika zisife. Mwaka 2004 watafiti wa California walionyesha kwamba panya walioondolewa kimeng'enya kinachoiamsha NF-kappaB katika seli za ukuta wa utumbo walipata uvimbe mchache kwa karibu asilimia 80 kuliko wenzao, ingawa inflamesheni ya utumbo haikupungua. Kwa maneno mengine, inflamesheni huandaa mazingira, lakini kinachoipa saratani nafasi ni seli mbovu kunyimwa kifo chake cha kawaida.

Hata hivyo, saratani nyingi za utumbo mpana hazitokani na kolaitisi. Huanzia kwenye polipu, yaani vinyama vidogo vinavyoota katika ukuta wa utumbo baada ya kuharibika kwa jeni kama APC, iliyotambuliwa mwaka 1991, ambayo kazi yake ni kuzuia seli zisigawanyike ovyo. Kisha jeni nyingine huharibika moja baada ya nyingine, na safari kutoka polipu hadi saratani kwa kawaida huchukua miaka mingi, mara nyingi zaidi ya kumi. Urefu huo wa safari ndio unaowapa wanasayansi matumaini ya kuukatiza ugonjwa njiani, na ndio unaozipa uzito shabaha za dawa, yaani molekuli za mwili ambazo dawa huzishika ili kuzizuia au kuzichochea. Mmea ambao shabaha yake haijulikani unaweza kuwa dawa, sumu, au maji matupu, na anayeunywa hana namna ya kujua kabla ya kudhurika au kupoteza muda.

Gome lililofika mbali

Mfano ulio bora wa mmea uliochunguzwa hadi shabaha yake ikajulikana ni aspirini. Mwaka 1763 kasisi Mwingereza Edward Stone aliiandikia Royal Society ya London kueleza kwamba unga wa gome la mti wa mwerebi wa Ulaya ulituliza homa. Katika karne ya 19 wanakemia walitenga kutoka katika gome hilo kemikali iliyoitwa salisini, na mwaka 1897 kampuni ya Bayer nchini Ujerumani ikatengeneza aspirini, ambayo ni jamaa yake iliyorekebishwa. Watu waliimeza kwa zaidi ya miaka 70 kabla ya kujulikana inafanya nini. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba aspirini huzuia mwili usitengeneze prostaglandini, ambazo ni kemikali zinazochochea maumivu, homa na uvimbe, na kwa kazi hiyo akashiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1982. Shabaha yake ni kimeng'enya kinachofupishwa kuwa COX, ambacho baadaye kilibainika kuwa na sura mbili: COX-1, inayolinda tumbo na kusaidia damu kuganda, na COX-2, inayoongezeka penye inflamesheni. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliikuta COX-2 kwa wingi katika saratani za utumbo mpana, ilhali katika ukuta wa utumbo wenye afya ilikuwa haba.

Jamii hiyohiyo ya kemikali ilikwisha kuwafikia wagonjwa wa kolaitisi kwa mlango mwingine. Daktari Nanna Svartz wa Sweden aliunganisha kemikali ya jamii ya salisini na dawa ya salfa akapata sulfasalazini, akikusudia kwanza kutibu baridi yabisi, na ikaonekana kwamba wagonjwa wa kolaitisi waliotumia walipata nafuu. Mwaka 1977 watafiti wa Oxford walithibitisha kwamba bakteria wa utumbo mpana huikata dawa hiyo vipande viwili, na kwamba kipande kinachotuliza utumbo ni kile cha jamii ya salisini, ambacho leo huitwa mesalazini na kinabaki kuwa dawa ya kwanza kwa wagonjwa wengi wa kolaitisi isiyo kali.

Ujuzi wa shabaha, hata hivyo, haukuondoa haja ya kupima kwa uangalifu. Ilipoonekana kwamba COX-2 ndiyo inayohusika na uvimbe, kampuni za dawa zilitengeneza vidonge vya kuizuia peke yake, vikiwamo vya rofekoksibu vilivyouzwa kwa jina la Vioxx. Jaribio lililokusudiwa kupima kama dawa hiyo inazuia polipu za utumbo mpana zisirudi ndilo lililofichua kwamba iliongeza takriban maradufu hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi, na Septemba 2004 kampuni ya Merck ikaiondoa sokoni duniani kote. Dawa iliyobuniwa maabara kwa ustadi wote ilianguka mtihani uleule ambao mmea wa porini unapaswa kuufanya.

Aspirini yenyewe imefundisha somo la tatu, la nani anayefaa kupewa. Katika jaribio la CAPP2, lililowahusisha watu 861 wenye ugonjwa wa kurithi wa Lynch unaowaweka katika hatari kubwa ya saratani ya utumbo mpana, waliopewa miligramu 600 kwa siku kwa wastani wa miaka miwili walipata saratani hiyo kwa asilimia 9 katika ufuatiliaji wa muda mrefu, ikilinganishwa na asilimia 13 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Lakini jaribio jingine la wazee zaidi ya 19,000 wa Australia na Marekani waliokuwa na afya njema, lililochapishwa mwaka 2018, lilionyesha kwamba miligramu 100 kwa siku haikuwaongezea miaka ya kuishi bila ulemavu, na kwamba vifo vilikuwa vingi kidogo miongoni mwa walioimeza, hasa vya saratani. Kemikali moja, kutoka chimbuko moja, ilimlinda mtu aliyerithi jeni yenye hitilafu na haikumfaa mzee asiye na ugonjwa. Anayetangaza kwamba mmea fulani unafaa kwa kila mtu hajatambua uzito wa matokeo hayo.

Mti wa China na miaka 30 ya subira

Iwapo aspirini inafundisha kuhusu kinga, irinotekani inafundisha kuhusu tiba ya saratani iliyokwisha kuota. Mwaka 1966 Monroe Wall na Mansukh Wani, wakifanya kazi katika kituo cha utafiti cha North Carolina, walitangaza kwamba wametenga kutoka kwenye mti wa China, Camptotheca acuminata, kemikali waliyoiita kamptotesini, iliyokuwa na nguvu ya kuua seli za saratani katika majaribio ya wanyama. Wagonjwa walipojaribiwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, kemikali hiyo ilishambulia kibofu cha mkojo, uboho na utumbo kwa ukali uliolazimisha majaribio kusitishwa, na kama sayansi ingeishia hapo mti huo ungebaki katika orodha ndefu ya sumu zilizowahi kutia tumaini.

Kilichoufufua ni kujulikana kwa shabaha. Mwaka 1985 ilithibitishwa kwamba kamptotesini hushika kimeng'enya kiitwacho topoisomerasi ya kwanza. Vinasaba vya seli vimesokotwa kama kamba, na seli inapotaka kuvinakili ili igawanyike hulazimika kulegeza msokoto huo. Topoisomerasi hukata uzi mmoja, huacha kamba izunguke, kisha huunga palipokatwa. Kamptotesini huzuia kuunga, na seli inayogawanyika haraka, kama ile ya saratani, hujikuta na vinasaba vilivyokatikakatika na kufa. Wanakemia wa kampuni ya Yakult ya Japani nao walikuwa wameirekebisha molekuli iweze kuyeyuka katika maji bila kupoteza nguvu yake, wakapata irinotekani, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996 kwa wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana na puru iliyosambaa. Ilichukua miaka 30 kutoka kwenye mti hadi kwa mgonjwa, na katika miaka hiyo molekuli yenyewe ilibadilishwa, kipimo chake kikapatikana, na madhara yake yakaandikwa.

Irinotekani pia inahusu Afrika kwa namna ambayo haijazungumzwa vya kutosha. Ndani ya mwili hugeuzwa kuwa kemikali kali zaidi, ambayo baadaye hupokonywa makali na kimeng'enya cha ini kiitwacho UGT1A1. Watu waliorithi toleo dhaifu la jeni ya kimeng'enya hicho huitoa dawa polepole, hivyo wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupungukiwa seli nyeupe na kuharisha kupita kiasi wakipewa kipimo cha kawaida. Ndiyo maana tangu mwaka 2005 maelezo ya dawa hiyo nchini Marekani yana tahadhari juu ya jeni hiyo. Toleo hilo dhaifu limeenea sana miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika. Nchi inayoagiza dawa bila kuchunguza jeni za watu wake inawatibu kwa vipimo vilivyopatikana kwa miili ya wengine.

Manjano: kilichothibitishwa na kinachodaiwa

Hakuna kiungo kinachosifiwa kwa magonjwa ya utumbo kuliko manjano, ambayo hulimwa Zanzibar na kuungwa katika pilau na mchuzi katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Rangi yake hutoka kwa kurkumini, kemikali iliyotengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1815, na katika maabara kurkumini imeonyeshwa kudhoofisha NF-kappaB, kupunguza COX-2 na kugusa protini nyingine nyingi. Wingi huo wa shabaha umetangazwa kuwa ni sifa, lakini ni afadhali uchukuliwe kuwa onyo. Mwaka 2017 kundi la wanakemia wa dawa lilichapisha tathmini pana iliyoeleza kwamba kurkumini huvunjika haraka, hufyonzwa kidogo sana kuingia katika damu, na ina tabia ya kuvuruga vipimo vya maabara kiasi cha kuonekana imefanya kazi mahali ambapo haikufanya.

Hata hivyo haingekuwa haki kuitupa. Utumbo mpana ni mahali ambapo kufyonzwa kidogo kunaweza kuwa faida, kwa kuwa kemikali isiyoingia katika damu hubaki ndani ya utumbo na kuufikia ukuta wenye ugonjwa. Katika jaribio lililofanyika Japani na kuchapishwa mwaka 2006, wagonjwa wa kolaitisi ya vidonda ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia walipewa gramu 2 za kurkumini kwa siku pamoja na dawa zao za kawaida. Baada ya miezi sita ugonjwa ulirudi kwa wawili kati ya 43, wakati katika kundi lililopewa dawa za kawaida na vidonge vitupu ulirudi kwa wanane kati ya 39. Hayo ni matokeo ya kutia moyo, ila yana masharti yake: kurkumini ilisaidia dawa za hospitali na haikuchukua nafasi yake, na kwa kuwa kurkumini ni asilimia chache tu ya uzito wa manjano, gramu 2 hizo zingehitaji makumi ya gramu za unga kila siku, kiasi ambacho hakuna mpishi anayekitia chunguni.

Kwa upande wa saratani ushahidi ni mwembamba zaidi. Mwaka 2006 wagonjwa watano wa ugonjwa wa kurithi unaojaza utumbo mpana polipu walipewa kurkumini pamoja na kemikali nyingine ya mimea, na polipu zao zikapungua kwa zaidi ya nusu. Habari hiyo ilisambaa kila mahali. Mwaka 2018 jaribio lenye wagonjwa 44, ambao takriban nusu yao walipewa vidonge vitupu bila wao wala madaktari kujua nani anapewa nini, halikuona tofauti yoyote katika idadi wala ukubwa wa polipu baada ya mwaka mzima wa gramu 3 kwa siku, na habari hiyo haikusambaa. Ni wajibu wa waandishi na watangazaji wa afya kuutoa ushahidi wote, kwa kuwa nusu yake inayopendeza, ikisemwa peke yake, huwa uongo unaogharimu maisha. Ni wajibu wao pia kueleza kwamba vidonge vya kurkumini iliyokolezwa, hasa vilivyochanganywa na kemikali ya pilipili manga ili ifyonzwe zaidi, vimehusishwa na madhara ya ini, na kwamba nchini Bangladesh uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta manjano yaliyotiwa rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae.

Mmea unaponya na kudhuru kwa njia moja

Wanaoamini kwamba cha asili hakidhuru wanapaswa kutazama yaliyotokea Japani kwa unga wa buluu uitwao qing dai, unaotengenezwa kwa majani ya mimea ya nili na kutumika katika tiba ya jadi ya China. Katika jaribio la wagonjwa 86 wa kolaitisi ya vidonda lililochapishwa mwaka 2018, waliopata nafuu baada ya wiki nane walikuwa karibu asilimia 14 katika kundi la vidonge vitupu, na kati ya asilimia 70 na 81 katika makundi yaliyopewa qing dai kulingana na kipimo. Ni dawa chache za kisasa zinazoweza kujivunia tofauti kubwa namna hiyo. Kemikali za nili hushika kipokezi kiitwacho AhR, kilichotambuliwa kwanza katika uchunguzi wa sumu ya dayoksini, na kipokezi hicho huchochea protini inayosaidia ukuta wa utumbo kujitengeneza upya.

Lakini wagonjwa waliokuwa wakijinunulia unga huo nje ya uangalizi wa madaktari walianza kupata shinikizo kubwa la damu katika mishipa ya mapafu, ugonjwa unaoweza kuua, na Desemba 2016 Wizara ya Afya ya Japani ikatoa tahadhari kwa nchi nzima. Jaribio lenyewe lilifungwa kabla ya wakati wake. Kama Japani isingekuwa na mfumo wa kukusanya taarifa za madhara, wagonjwa wangeendelea kuusifu unga huo kwa kutuliza matumbo yao huku mapafu yao yakiharibika, na hakuna ambaye angeunganisha mambo hayo mawili.

Chakula na hekima ya Mulago

Afrika Mashariki imechangia katika elimu hii jambo ambalo linastahili kukumbukwa. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi katika hospitali ya Mulago, aliona kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu miongoni mwa Waafrika wa vijijini, na mwaka 1971 alichapisha hoja kwamba sababu ilikuwa chakula chao chenye nyuzinyuzi nyingi. Sayansi ya baadaye imeeleza njia mojawapo: bakteria wa utumbo mpana huchachusha nyuzinyuzi na kutoa butireti, asidi ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo, na ambayo huzuia vimeng'enya vinavyofunga baadhi ya jeni, hivyo kuzisaidia seli mbovu kufa na kutuliza inflamesheni. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, Wamarekani weusi 20 na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini walibadilishana vyakula kwa wiki mbili. Wamarekani waliokula nyuzinyuzi nyingi na mafuta machache walionyesha ongezeko la butireti na kupungua kwa dalili za inflamesheni katika ukuta wa utumbo, na Waafrika waliokula nyama na mafuta mengi walionyesha kinyume chake.

Hapa pia ukweli una pande mbili. Majaribio mawili makubwa ya Marekani yaliyochapishwa mwaka 2000 hayakuona kwamba kuongeza nyuzinyuzi kwa miaka michache kunazuia polipu zisirudi kwa watu waliokwisha kuwa nazo, jambo linaloonyesha kwamba chakula cha maisha yote hakilinganishwi na mabadiliko ya muda mfupi. Lakini familia inayoacha dona kwa sembe nyeupe, kunde na maharage kwa soseji, na matunda kwa soda, inapoteza ulinzi ambao haukuwa na gharama. Na kwa upande wa soseji ushahidi ni mzito, kwa kuwa mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliziweka nyama za kusindikwa katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, likikadiria kwamba gramu 50 kwa siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18.

Yanayopasa kufanywa

Nchi za Afrika Mashariki hazianzi na mikono mitupu. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na baraza la kuisimamia. Muhimbili imekuwa na kitengo cha utafiti wa tiba asili tangu mwaka 1974, ambacho leo ni taasisi kamili ya chuo kikuu. Kenya ina Taasisi ya Utafiti wa Tiba, KEMRI, na sheria ya afya ya mwaka 2017 inayotambua tiba asili. Kinachokosekana ni fedha na uamuzi wa kuufikisha mmea kutoka kwenye orodha ya majina na kitalu hadi kwenye jaribio la wagonjwa, lenye kundi la kulinganisha na taarifa za madhara. Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri hadi Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya mzizi mmoja, na umati ule ulithibitisha kwamba wananchi hawasubiri wanasayansi. Wajibu wa wanasayansi ni kuwahi.

Gharama ya kutowahi si ya kiafya pekee. Katika miaka ya 1970 taasisi ya saratani ya Marekani ilikusanya tani nyingi za mmea wa Maytenus buchananii kutoka Shimba Hills, Kwale, nchini Kenya, kwa ajili ya kemikali ya maitansini, inayozuia nyuzi ambazo seli hutumia kugawanyika. Ilionekana kuwa kali mno na ikaachwa. Lakini ujuzi wa shabaha yake uliwawezesha watafiti kuifunga kemikali ya jamii hiyo kwenye kingamwili inayoipeleka moja kwa moja hadi kwenye seli ya saratani, na mwaka 2013 dawa ya aina hiyo kwa saratani ya matiti iliidhinishwa Marekani. Leo kemikali hiyo hupatikana kwa msaada wa bakteria bila kuvuna mmea, na Kwale haina nafasi katika biashara hiyo. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 imeweka msingi wa mgawanyo wa faida zitokanazo na rasilimali za viumbe, ila itifaki humfaa zaidi mwenye maabara, kumbukumbu na wanasheria.

Kwa mgonjwa wa leo, jambo la dharura ni kufunguka kwa daktari wake na kwa mganga wake. Mwaka 2002 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba mmea wa Hypericum perforatum, unaotumiwa sana Ulaya kwa sonona, ulipunguza kwa asilimia 42 kiasi cha kemikali inayofanya kazi ya irinotekani katika damu, kwa kuwa uliliamsha ini kuiharibu dawa. Dawa iliyotoka mtini ilidhoofishwa na mmea mwingine, na mgonjwa asingejua. Hakuna sababu ya kudhani kwamba mitishamba ya Afrika Mashariki haina uwezo kama huo, lakini mgonjwa anayekemewa au kuchekwa anapoitaja atainywa kwa siri, na daktari atabadilisha vipimo bila kujua chanzo cha tatizo. Heshima ya daktari kwa mgonjwa ni sehemu ya usalama wa tiba.

Vilevile, mtu yeyote anayeona damu katika choo, anayebadilika mwenendo wa haja kwa wiki kadhaa, au anayekonda bila sababu, anahitaji kuchunguzwa utumbo kwa kamera kabla ya kupewa kikombe cha dawa yoyote. Polipu inayoonekana kwa kipimo hicho mara nyingi hukatwa palepale, na polipu iliyokatwa haiwi saratani. Hakuna mzizi, kiungo wala kidonge kilichofikia uhakika huo. Serikali zinazotaka kupunguza vifo zianze kwa kuvifikisha vifaa hivyo na wataalamu wake katika hospitali za mikoa na kaunti, na zipige marufuku kwa vitendo matangazo yanayoahidi kuponya saratani kwa chupa isiyowahi kupimwa.

Misitu ya Afrika Mashariki yumkini ina kemikali ambazo siku moja zitawatuliza wagonjwa wa kolaitisi au kuzuia polipu, na waganga wanaoijua mimea hiyo wana elimu inayostahili kulindwa na kulipwa. Lakini imani ya wagonjwa ni amana, na anayeipokea, awe mganga, mfamasia, daktari au waziri, anadaiwa jibu la maswali yale manne kabla ya kumkabidhi mtu dawa. Asiye na majibu hayo awape wagonjwa ukweli kwamba hana, kisha asaidie yatafutwe.